Miguu ya MaSibiya

Mimi ndiye MaBhengu. Kama uliwahi kusikia huku vilimani kwetu kwamba mke wa Xulu ni mchawi, basi ni mimi huyo, na aliyeanzisha habari hizo ni MaSibiya, mke wa Dladla, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Leo nikimtaja nacheka. Mwaka ule sikuwa na kicheko. Mwaka ule ningempata peke yake ningemtafuna mbichi.

Kati ya nyumba yangu na yake kuna njia moja ya miguu. Inashuka kutoka uani kwangu, inavuka kijito juu ya mawe, inapanda mpaka kwenye zizi la ng'ombe la Dladla. Tumeipita tangu tulipoolewa, sisi wawili, tukiazimana chumvi na kusengenya wakwe zetu. Watoto wetu wakaipita, na mwanangu Sibonelo akaja kuipita kuliko wote, jioni jioni, kajipaka mafuta mpaka usoni anang'aa. Tulijua anamfuata nani. Nomcebo, binti wa MaSibiya. Wajumbe wakaenda, ng'ombe wakakubaliwa, harusi ikapangwa baada ya mavuno. Ilikuwa furaha isiyo na kifani. Mimi na MaSibiya tukaanza kuitana "mkwe" kwa sauti kubwa kanisani, makusudi, wenye wivu wasikie.

Halafu miguu ya MaSibiya ikavimba.

Sisi akina mama wa kanisa letu tunakutana Alhamisi. Tunavaa koti jekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi na viatu vyeusi vya kufunika mguu. Huna viatu, huvai koti. Huna koti, husimami mstarini. Sheria hiyo waliitunga bibi zetu na hakuna wa kuigusa. Alhamisi ile MaSibiya, ambaye ndiye anayetuanzishia nyimbo, alikuja na ndala. Viatu vilikataa kabisa kuingia. Alikaa nyuma karibu na mlango, bila koti, na wimbo ukaanzishwa na MaCele, ambaye sauti yake sitaki hata kuizungumzia.

Nani aliyekuwa anasikiliza mahubiri siku ile? Macho yote yalikuwa kwenye miguu ile. Kwetu sisi mguu ukivimba bila kujikwaa wala kuumwa na nyoka, watu hawaulizi umekula nini. Wanauliza umepita wapi. Kuna kitu kinaitwa umeqo. Ni dawa inayomwagwa njiani kwa jina lako, wengine wanapita salama, ukiiruka wewe tu inakupanda miguuni. Tulipotoka nje nikamsikia MaCele kwa masikio yangu haya, anamwambia MaSibiya kwa sauti ya huruma:

"Pole, mwenzangu. Kwani kila siku wewe hupitia njia gani?"

Na MaSibiya kila siku alikuwa anapita njia moja tu. Inayotoka uani kwangu.

Kesho yake nilikuta matawi ya miiba yamelazwa pale kwenye mawe ya kijito. Jioni akaja Dladla mwenyewe, kofia mkononi, hawezi hata kuniangalia. Akamwambia mume wangu kwamba mkewe amesema hakuna harusi mpaka MaBhengu aende akaondoe alichokimwaga. Binti yake hatapita njia ile kwenda kuolewa.

"Apite wapi basi?" nikamkatiza, ingawa haikuwa zamu yangu kusema. "Bibi harusi wetu huja kwa njia, mama zake mbele wanaifagia kwa mifagio, watu wote wanaona. Au unataka mwanao aingie kwa mumewe kwa kuzunguka barabarani kama mwizi wa kuku?"

"Mama Sibonelo, mimi nimetumwa tu," akasema, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Basi nikajua maana ya kunyanyapaliwa. Mwezi ule tulikuwa na kumbukumbu ya baba mkwe wangu, nikapika pombe ya mtama iliyoiva vizuri, ina povu hili. Mnajua desturi, anayepika huonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba chunguni hamna kitu. Nikaonja. Watu wakaangalia juu. Nikaonja tena, nikajifuta mdomo, nikamsogezea chungu mzee wa kwanza. Akasema tumbo linamsumbua. Wa pili naye tumbo. Siku ile wanaume wote wa kilima hiki walikuwa na matumbo! Chungu kikarudi ndani kimejaa, nikakaa nacho jikoni nikalia. Sibonelo alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo sahani yake ya ugali na maziwa mgando ilikuwa inarudi kama ilivyokwenda.

Sasa mimi nina presha tangu zamani. Nesi Gumede wa kliniki yetu alikuwa amenianzishia kidonge cha kutoa maji mwilini. Kidonge hicho kina fujo zake. Ukikimeza asubuhi, usipange safari. Nimeshawahi kukatiza sala ya mchungaji mara mbili nikikimbilia chooni, na mara ya tatu akaninong'oneza, "Mama, kaa karibu na mlango." Lakini nilikizoea. Nilijua vyoo vyote kuanzia kwangu mpaka mjini Eshowe. Kwenda kliniki mwezi ule, nesi akanifunga mkanda wa mashine mkononi, akaangalia, akafunga tena, akanikazia macho.

"Mama, kuna nini nyumbani?"

"Kuna MaSibiya."

Hakucheka. Akasema presha imepanda mno, akaniongezea kidonge kingine, kidogo, cheupe. Akaniambia nikiona jambo lolote geni mwilini niende nikamwambie. Nikaitikia, huyo nikaenda zangu.

Hazikupita wiki nyingi. Asubuhi moja nikateremsha miguu kitandani, nikaiangalia, nikadhani ni ya mtu mwingine. Imevimba kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo, ngozi inameremeta. Kiatu hakiingii. Mume wangu Xulu, mtu mpole, akajikuna kichwa na kusema:

"Labda ni—"

"Nyamaza, Xulu! Ni yeye! Amejitangaza karogwa, kumbe mrogaji mwenyewe ndiye. Sasa amenilipizia!"

Ndiyo. Mimi niliyelia jikoni kwa kuitwa mchawi, haikunichukua hata muda wa chai kuchemka kumwita mwenzangu mchawi. Nikatia miguu kwenye ndala za Xulu, nikashuka njia, nikaipiga teke ile miiba ikaenda na maji, nikapanda mpaka zizini kwa Dladla nahema.

"MaSibiya! Toka! Toka uje uone kazi yako!"

Akatoka na mwiko mkononi. "Nani anapiga kelele kwangu? Ahaa, mwenyewe! Umekuja kuchukua dawa yako?"

"Dawa yangu? Tazama miguu hii! Tazama vizuri, usijitie upofu!"

Akatazama. Mwiko ukashuka. Akainama kabisa, mikono magotini, akaangalia miguu yangu, akaangalia yake. Tulikuwa tumesimama miguu minne ya kuvimba, ndala mbili za kike na mbili za kiume.

"Na wewe?" akasema.

"Usijifanye hujui!"

"Mimi nijue nini? Nikuroge wewe mimi mwenyewe siwezi kutembea?"

"Na mimi nilikuroga vipi nikiwa nafua nguo zangu?"

"Usinipandishe sauti, MaBhengu! Nina presha mimi, na kidonge sijameza!"

"Presha unayo peke yako? Mimi vidonge ninavyo viwili!"

"Ndiyo maana una kiburi!"

Hapo Nomcebo akatoka ndani. Binti yule ni mpole, lakini siku hiyo alikuwa amechoka. Macho mekundu, kitambaa kimekaa upande. Akasimama katikati yetu.

"Mama zangu," akasema, "kama mmerogana, basi mmetoka sare. Mwamuzi ni nesi. Twendeni kliniki."

"Mambo ya kukanyaga hayapelekwi kliniki," MaSibiya akasema.

"Basi mimi nampigia Sibonelo simu, tunahama leo, tunaoana kwa karatasi mjini, na nyinyi mbaki hapa na miguu yenu."

Hapo MaSibiya akaweka mwiko chini. Aliyekuwa anazungumza hakuwa mtoto tena. Sibonelo akaja na gari la mjomba wake, wao wawili wakakaa mbele, sisi wakatupakia nyuma kwenye godoro. Kila mmoja aliangalia mlima wake. Njiani nilibanwa na mkojo nikalazimika kugonga kioo wasimamishe gari, na niliporudi kutoka kichakani MaSibiya akaguna, "Vidonge vyako vinakimbiza kweli." Hayo ndiyo maneno pekee tuliyosemeshana.

Nesi Gumede alituweka benchi moja. Akabonyeza kidole gumba kwenye mguu wangu, kikaacha shimo. Akabonyeza wa MaSibiya, shimo. Akatuuliza tunameza nini. MaSibiya akatumbukiza mkono kifuani akatoa pakiti. Nami nikatoa yangu mfukoni. Vidonge vilevile, vidogo, vyeupe.

Nikahisi joto limenipanda shingoni. Lakini MaSibiya hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Nesi, mwanangu, usihangaike na vidonge," akasema. "Mimi ushahidi ninao. Nilikwenda kwa mganga, akanipa dawa yake, na miguu ikanywea. Ikanywea kabisa! Kwa hiyo ni kitu cha njiani, si cha hospitali."

"Sawa, mama," nesi akasema taratibu. "Na huyo mganga alikuambia uendelee na vidonge vyangu?"

"Hapana. Alisema visichanganywe. Nikaviacha."

"Ikanywea."

"Ikanywea."

"Halafu?"

"Halafu kichwa kikaanza kuuma, kinagonga huku nyuma, nikaona nyota. Nikarudia vidonge. Na miguu ikavimba tena, nikajua MaBhengu amemwaga up..."

Hakumaliza. Alibaki mdomo wazi. Nomcebo alikuwa mlangoni, akajifunika uso kwa kitambaa. Mimi kicheko kilinitoka puani, nikajaribu kukohoa, haikusaidia. Na MaSibiya, Mungu amweke, akaanza naye kutikisika mabega, mpaka machozi yakamtoka, na nesi akatungoja tumalize.

Tulipomaliza akatusikiliza moyo, akatupima mkojo, asije akakisingizia kidonge kumbe ni jambo jingine. Akasema moyo uko sawa na figo ziko sawa. Kidonge kile kinashusha presha vizuri, lakini kwa baadhi ya watu kinatuamisha maji miguuni. Si wote, ila sisi tumo. Mimi akanipunguzia, MaSibiya akambadilishia kabisa. Halafu akawa mkali.

"Ule wakati kichwa kinagonga na unaona nyota, mama, ulikuwa unakaribia kuanguka. Ungeanguka, leo Nomcebo angekuwa anapanga mazishi. Miguu ikivimba njooni mniambie. Msiache vidonge wenyewe, na msinifiche. Na wewe, mama, kwa nini ulinificha?"

"Mwanangu," MaSibiya akasema kwa sauti ndogo, "nilidhani ungenicheka."

"Bibi yangu naye angedhani hivyo," nesi akasema. "Mimi sicheki. Leo mmecheka nyinyi."

Kurudi, godoro lile lile, nikamgeukia. "Sasa utawaambia watu?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mimi si mchawi! Jina langu limeoza kilima kizima!"

Akafikiri mpaka tukapita dukani. "Nikisema kwa mdomo, MaCele atasema umenirudia ukanifunga ulimi. Ngoja. Niachie mimi."

Nikaachia, lakini roho haikutulia. Miguu yangu ilinywea polepole, na ya kwake pia. Kidonge chake kipya kilimletea kikohozi kikavu, kha, kha, kama mbuzi aliyekwamwa na nyasi, lakini safari hii hakutafuta wa kumlaumu. Alikwenda kliniki kesho yake, nesi akamwambia ndivyo kilivyo, akizidiwa atambadilishia tena, naye akasema atakistahimili mpaka harusi ipite. Ila njia yetu ile hakuipita. Kwenda kanisani alizunguka barabara kuu, na watu walikuwa wanaona. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu, "Si nimekuambia ngoja?" Mimi kungoja sijui. Nilikuwa namwaga hasira zangu kwa Xulu, maskini.

Siku ya harusi uani kwangu pakajaa. Wengine walikuja kwa ajili ya Sibonelo, wengine walikuja kuona bibi harusi atakuja kwa njia ipi. Akija na gari kwa barabara, basi yamekwisha, MaBhengu ni mchawi na wajukuu zake watakuwa wa mchawi. MaCele alijitafutia mahali pazuri, karibu na uzio, penye kuona pande zote mbili. Mimi nilisimama na ufagio wangu mkononi. Sibonelo, ndani ya suti yake, alikuwa ananiangalia mimi badala ya kuangalia ng'ambo.

Wimbo ukaanza kule zizini kwa Dladla. Nikaijua sauti ile. Ilikuwa ya MaSibiya, imejaa, ya kuanzisha, si ya mtu wa kukaa nyuma mlangoni. Na haikwenda upande wa barabara. Ilikuwa inashuka.

Akatokea mbele ya watu wake wote, amevaa kofia kubwa nyekundu ya wanawake walioolewa na sketi ya ngozi. Mkono mmoja ufagio. Mkono mwingine kanyanyua juu viatu vyake vyeusi vya kanisani, kila mtu avione. Miguu mitupu, mikavu, vifundo vinaonekana. Alifagia hatua, akakanyaga pale pale alipofagia. Akafagia tena, akakanyaga tena, kwa kishindo. Hakuruka hata kijiwe. Alipofika kwenye kijito, pale ilipokuwa miiba, aliweka ufagio chini, akanyanyua mguu mpaka usawa wa uso, mwanamke wa umri ule, akaushusha ardhini puu! Akanyanyua mwingine. Puu!

Katikati ya hapo kikohozi kikamshika. Kha, kha, kha. Wimbo ukakatika. Watu walishika vinywa, na MaCele akasogea kwenye uzio kama anayetaka kuupanda.

MaSibiya akajinyoosha, akavuta pumzi.

"Ni kidonge!" akapiga ukelele. "Msinitumbulie macho! Ni kidonge cha presha, na miguu nayo ilikuwa kidonge! Nimeipita njia ya mkwe wangu, hii miguu yangu hapa, anayeona uvimbe aseme!"

Jamani, vigelegele vile! Vilitoka kwake, vikatoka kwangu, vikatoka kwa wazee waliokuwa na matumbo. Mimi nikatupa viatu vyangu, nikashuka mbio na ufagio, tukakutana kwenye mawe ya kijito, yeye anafagia kuja, mimi nafagia kwenda, tukagongana mabega na kugeuka. Tulipanda pamoja, Nomcebo nyuma yetu kajitanda, anatembea juu ya njia iliyofagiwa mpaka mchanga ukabaki na michirizi. Uani, mbele ya watu wote, MaSibiya akakaa kitini, akatia viatu vyeusi miguuni. Vikaingia. Akasimama, akageuka geuka, akamtafuta mtu kwa macho.

"MaCele! Mbona uko mbali? Shuka nawe ukapite njia, mwenzangu. Ni nzuri!"

Na MaCele alishuka, atafanyaje, watu wote wanamtazama. Alinyanyua sketi, akatembea mpaka kijitoni na kurudi, tena upesi.

Halafu nikaleta chungu cha pombe mpya. Chungu kile kile kilichorudi jikoni kimejaa. Nikapiga magoti mbele ya wakwe zangu, nikakiinua nionje kwanza kama desturi inavyotaka. Sikukifikisha mdomoni. MaSibiya alikinyakua mikononi mwangu, watu wakaguna, akanywa. Alikunywa polepole, macho yamenikazia mimi juu ya ukingo wa chungu, mpaka povu likamkaa puani.

"Mkwe," nikamwambia, "nesi alisema kidogo tu."

"Nesi hayupo," akasema, akanirudishia chungu. "Haya, sasa onja na wewe."